Je, Wajua? Umeme wa Moyo na Mchoro Unaookoa Maisha

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa siku nzima hesabu hiyo hufika takribani mapigo 100,000, na kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaozaliwa ndani ya moyo wenyewe. Umeme huo ukichelewa, ukikatika njiani au ukizaliwa mahali pasipo pake, mtu anaweza kuhisi moyo umeruka pigo, anaweza kuzimia, na mara nyingine anaweza kufa ghafla akiwa hana hata mafua.

Kipimo kinachoonyesha safari ya umeme huo ni ECG. Hakiumi, hakitoi damu, na huchukua dakika chache. Mambo tuliyokusanya hapa yanatoka mbali na karibu, lakini tumeyaweka pamoja kwa nia moja: msomaji ajue kwamba kuzimia kusikoelezeka na moyo kwenda mbio bila sababu ni mambo yanayosomeka kwenye karatasi, na mengi yana tiba yakisomwa mapema.

Je, wajua kwamba moyo haungoji amri ya ubongo ili upige?

Moyo uliotolewa mwilini huendelea kupiga kwa muda ukipewa oksijeni na majimaji yenye chumvi zinazofaa. Juu ya chumba cha juu cha kulia kuna kundi dogo la chembe hai ambalo ndilo chanzo cha umeme. Ubongo huongeza au hupunguza mwendo tu. Kutoka hapo umeme huenea katika vyumba viwili vya juu, hufika kituo kilicho katikati ya moyo, hucheleweshwa hapo kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, kisha huteremka kwa kasi kupitia tawi la kulia na tawi la kushoto hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini.

Kila kituo kina uwezo wa kushika zamu. Chanzo cha juu kikinyamaza, kituo cha kati huweza kuendesha moyo kwa mapigo 40 hadi 60 kwa dakika. Nacho kikishindwa, vyumba vya chini hujiendesha vyenyewe kwa mapigo 20 hadi 40, mwendo ambao wengi hawawezi kusimama nao bila kizunguzungu.

Njia hii iligunduliwa kinyumenyume. Nyuzi za mwisho kabisa zilionwa kwanza, katika moyo wa kondoo, na Jan Purkinje mwaka 1839. Wilhelm His alieleza shina linaloteremsha umeme mwaka 1893. Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg nchini Ujerumani, alionyesha kituo cha kati mwaka 1906. Chanzo chenyewe kilikuwa cha mwisho. Mwanafunzi wa udaktari Martin Flack alikuwa akichunguza kwa hadubini moyo wa fuko nyumbani kwa mwalimu wake Arthur Keith, huko Kent, Uingereza, wakati mwalimu ametoka kuendesha baiskeli na mkewe. Keith aliporudi, Flack alimwonyesha chembe za ajabu alizoziona. Wakachapisha ugunduzi wao mwaka 1907.

Je, wajua kwamba mbwa alisababisha swali bungeni kwa ajili ya ECG?

Mwaka 1856, mjini Würzburg, Kölliker na Müller walilaza mshipa wa fahamu wa mguu wa chura juu ya moyo unaopiga. Kila moyo ulipopiga, mguu uliruka. Hapo ikathibitika kwamba moyo hutoa umeme.

Mwaka 1887 Augustus Waller, wa hospitali ya St Mary's jijini London, aliurekodi umeme wa moyo wa binadamu bila kukifungua kifua, akitumia zebaki iliyopanda na kushuka ndani ya mrija mwembamba. Katika maonyesho yake alipenda kumtumia mbwa wake, Jimmy, aliyezoea kusimama kwa utulivu miguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Jimmy alipoonyeshwa mbele ya Royal Society mwaka 1909, mbunge mmoja alihoji kama sheria ya mwaka 1876 dhidi ya ukatili kwa wanyama ilikuwa imevunjwa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Herbert Gladstone, alijibu kwamba mbwa alikuwa amesimama kwenye maji yaliyotiwa chumvi ya kawaida, basi.

Waller mwenyewe hakutarajia kwamba hospitali zingekitumia sana kipimo hiki. Leo ni vigumu kuitaja hospitali kubwa isiyokuwa nacho.

Je, wajua kwamba mashine ya kwanza bora ya ECG ilikuwa na uzito wa kilo 270?

Willem Einthoven alizaliwa mwaka 1860 mjini Semarang, katika kisiwa cha Java, akawa profesa Leiden nchini Uholanzi akiwa bado kijana. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza galvanomita yenye uzi wa kwatsi uliopakwa fedha, mwembamba kuliko unywele. Ili kupata uzi wa namna hiyo, kwatsi iliyeyushwa ikafungwa kwenye mshale, kisha mshale ukarushwa, nao ukauvuta uzi nyuma yake.

Mashine nzima ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa aliketi akiwa ametumbukiza mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa mashine haikuweza kupelekwa kwa mgonjwa, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuyaleta mapigo kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Ndiyo kusema kupima wagonjwa kwa mbali kuna zaidi ya miaka 100. Herufi P, Q, R, S na T zinazotumiwa na madaktari wote duniani kutaja mawimbi ya mchoro ni zake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Je, wajua kwamba karatasi ya ECG ni saa?

Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde. Kiboksi kidogo ni sekunde 0.04; kiboksi kikubwa, chenye vidogo vitano kwa upana, ni sekunde 0.2. Kama mapigo yana mpangilio, hesabu viboksi vikubwa kati ya pigo na pigo, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Viboksi vitano ni mapigo 60 kwa dakika. Viwili ni mapigo 150.

Wimbi dogo la P ni umeme wa vyumba vya juu. Mlima mwembamba wa QRS ni wa vyumba vya chini, na T ni moyo ukijiandaa kwa pigo linalofuata. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS huwa sekunde 0.12 hadi 0.20. Muda huo ukizidi hapo, umeme unachelewa kituoni. QRS ikipanuka kufikia sekunde 0.12 au zaidi, mara nyingi tawi moja limeziba, la kulia au la kushoto, na umeme umelazimika kuzunguka. Mambo yote hayo hupatikana kwa nyaya kumi zinazoupiga picha moyo kutoka pande 12.

Je, wajua kwamba kukatika kwa umeme mjini kulizaa betri ya moyo?

Madaktari wawili wa Dublin, Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, waliandika habari za wagonjwa waliozimia ghafla huku mapigo yao yakiwa machache mno. Walishuku moyo, ingawa enzi hizo wengi waliona ni maradhi ya kichwa. Leo tunajua kwamba umeme ulikuwa haupiti kabisa kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Kwenye ECG mawimbi ya P hupita kwa mwendo wake na QRS kwa mwendo wake, bila kujuana.

Katika miaka ya 1950 mashine za kuupa moyo mapigo zilikuwa zikichomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika Minneapolis, Marekani, ambako daktari Walton Lillehei alikuwa akiwatibu watoto waliopasuliwa moyo. Lillehei akamwomba fundi Earl Bakken atafute njia nyingine. Bakken alikumbuka mchoro wa kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki aliouona katika jarida la mafundi wa elektroniki, na baada ya wiki nne tu alileta kisanduku kidogo cha betri ambacho mgonjwa aliweza kukivaa.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 1958, mhandisi Rune Elmqvist na daktari wa upasuaji Åke Senning waliweka betri ya kwanza ndani ya mwili wa mtu, nchini Sweden. Mgonjwa, Arne Larsson, alikuwa na miaka 43 na alizimia mara nyingi kila siku. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewashikilia wataalamu hao wawili hadi wakakubali. Elmqvist alikifinyanga kifaa kwa kutumia kopo la dawa ya viatu kama kalibu. Kilifanya kazi saa chache kikafa. Larsson akabadilishiwa, akabadilishiwa tena, zaidi ya mara 20 katika maisha yake. Alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya kuwazika mhandisi na daktari wote wawili, na hakufa kwa ugonjwa wa moyo.

Je, wajua kwamba wanaume walipaka rangi ya midomo wasiuawe usingizini?

Kaskazini-mashariki mwa Thailand vijana wa kiume wenye afya walikuwa wakilala usiku na kukutwa wamekufa asubuhi. Watu walisema ni mzimu wa mjane anayetafuta waume, na baadhi ya wanaume walilala wamevaa nguo za kike na kupaka rangi midomo ili kumpoteza. Ufilipino na Japani pia zina majina ya tangu zamani ya vifo vya namna hiyo.

Mwaka 1992 ndugu wawili madaktari, Pedro na Josep Brugada, walieleza wagonjwa wanane ambao mioyo yao ilionekana mizima kwa kila kipimo, isipokuwa ECG. Upande wa kulia wa mchoro mstari ulipanda kisha ukateremka kwa umbo la pekee. Baadaye ilithibitika kwamba vifo vingi vya Thailand vilikuwa ugonjwa huo huo. Unarithiwa, na miongoni mwa visababishi ni hitilafu katika milango inayopitisha chumvi ya sodiamu ndani ya chembe za moyo. Homa kali huweza kuuamsha, ndiyo maana mwenye ugonjwa huu hushauriwa kuishusha homa mapema. Mwenye hatari kubwa huwekewa kifaa ndani ya kifua kinachoushtua moyo chenyewe pale unapotetema.

Hatuwacheki waliojikinga na mjane. Waliona kweli kwamba vijana wanakufa. Walichokosa ni mchoro.

Je, wajua kwamba "kifafa" kinaweza kuwa moyo?

Mwaka 1957 madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen walieleza familia moja ya Norwe yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia. Watatu kati yao walikufa ghafla wakiwa wadogo. Katika ECG, umbali kutoka Q hadi mwisho wa T ulikuwa mrefu kupita kiasi: baada ya kila pigo moyo ulichelewa kujiandaa kwa linalofuata, na katika kuchelewa huko mapigo yaliweza kuvurugika.

Wengi wenye hitilafu ya kundi hili wanasikia vizuri na hawana dalili nyingine. Mmoja huzimia akiogelea au akikimbia. Mwingine huzimia anaposhtuliwa na kengele au simu usingizini. Kwa kuwa mtu aliyezimia huweza kutupatupa viungo, wapo waliotibiwa kifafa kwa miaka mingi bila nafuu. Katika jamii zetu wapo pia wanaoambiwa wana mapepo. Ombi letu kwa kila mzazi: mtoto anayeanguka, hasa akiwa mchezoni au akishtuka, apimwe ECG hata kama jina la ugonjwa limeshatolewa.

Dawa nazo huweza kuurefusha umbali huo, zikiwemo baadhi ya antibiotiki na baadhi ya dawa za malaria. Halofantrini ilipata sifa mbaya kwa sababu hiyo. Usiache dawa uliyoandikiwa, lakini mwambie daktari kama umewahi kuzimia au kama una ndugu aliyekufa ghafla.

Je, wajua kwamba dawa ya malaria ilituliza moyo?

Mwaka 1912 mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwendea Karel Wenckebach, bingwa wa mapigo ya moyo, akilalamika kwamba moyo wake unapiga bila mpangilio. Wenckebach alimwambia hana dawa ya uhakika. Mgonjwa akasema yeye anayo, na kwamba angerudi kesho yake akiwa na mapigo yaliyonyooka. Akarudi kweli, mapigo yakiwa yametulia. Alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini, dawa aliyoijua kwa malaria.

Daktari alimsikiliza mgonjwa, akaandika alichokiona. Mwaka 1918 Walter Frey, akiwa Ujerumani, alilinganisha dawa za ukoo wa kwinini akaona kwinidini ndiyo yenye nguvu zaidi kwa moyo. Ikatumika hospitalini kwa miongo mingi. Mkwinini haukuwa mgeni Afrika Mashariki na Kati: Wajerumani waliupanda Amani, katika Milima ya Usambara, na Kivu huko Kongo ikawa na mashamba makubwa.

Je, wajua kwamba moyo unaotetema unaweza kuupiga ubongo?

Kuna hali ambapo vyumba vya juu huacha kupiga vikabaki vikitetema, umeme ukizunguka ndani yake mara 300 hadi 600 kwa dakika. Thomas Lewis wa London aliithibitisha kwa ECG mwaka 1909. Mchoro hauna P. Kuna mstari unaotetemeka, na QRS zinakuja bila mpangilio wowote. Damu isiyosukumwa vizuri hutulia katika kona ya chumba cha juu cha kushoto na kuganda. Donge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa wenye hali hii ni takribani mara tano ya watu wengine.

Ulaya huu ni ugonjwa wa wazee zaidi. Kwetu huwapata pia vijana, hasa wanawake, kwa sababu ya maradhi ya vali za moyo yanayoanza na maambukizi ya koo utotoni yasiyotibiwa. Mafindofindo ya mtoto si jambo la kungoja lipite lenyewe: yale ya bakteria yanatibika kwa penisilini, na tiba hiyo huukinga moyo.

Unaweza kujichunguza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kwa dakika moja. Mapigo yasiyofuata mpangilio wowote ni sababu tosha ya kwenda kupimwa.

Je, wajua kwamba sumu ya mishale ya Afrika Mashariki huua kwa kuvuruga mapigo?

Wakamba, Wagiriama na Wawaata wa Kenya walichemsha magome na kuni za msunguti hadi ukapatikana ujiuji mweusi wa kupaka mishale. Hata tembo aliangushwa nao. Ndani yake kuna wabaini, sumu inayozuia pampu za sodiamu na potasiamu kwenye chembe za moyo. Kiasi kikubwa huleta mapigo ya ovyo, kisha moyo husimama. Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga sumu hiyo mwaka 1888. Ni ndugu wa dawa itokanayo na mmea wa Ulaya ambao William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, na ambayo aina yake moja, digoksini, bado inatumika hospitalini kwa vipimo vidogo sana.

Ajabu kubwa zaidi ni ya panya mmoja mwenye manyoya marefu anayeishi Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni, yanayoinyonya. Mbwa anayemng'ata huugua vibaya au hufa. Panya mwenyewe hadhuriki.

Je, wajua kwamba mapigo yaliwahi kuvurugika safarini mwezini?

Mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, madaktari waliokuwa duniani waliona kwenye ECG ya James Irwin mapigo yakija mawilimawili, moja la kawaida na moja la kabla ya wakati, baada ya kazi nzito juu ya mwezi. Mojawapo ya sababu zilizoshukiwa ni upungufu wa potasiamu. Safari iliyofuata, mwaka 1972, wanaanga walipewa maji ya machungwa yaliyoongezewa potasiamu.

Potasiamu ikizidi nayo ni hatari, hasa kwa wagonjwa wa figo. Wimbi la T huchongoka na kurefuka, QRS hupanuka, na moyo huweza kusimama. Mara nyingine ECG hutoa onyo hilo kabla majibu ya damu hayajarudi kutoka maabara.

Je, wajua kwamba nyangumi wa buluu huweza kuwa na mapigo mawili tu kwa dakika?

Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Jeremy Goldbogen walichapisha ECG ya kwanza ya nyangumi wa buluu akiwa huru baharini, katika Ghuba ya Monterey, California. Alipozama kutafuta chakula mapigo yalishuka hadi mawili kwa dakika. Alipoibuka kuvuta hewa yalipanda hadi kati ya 25 na 37.

Je, wajua kwamba mstari mnyoofu haushtuliwi kwa umeme?

Sinema hutuonyesha mstari ukinyooka, daktari akiushtua moyo, na mgonjwa akiamka. Sivyo. Umeme wa mashine hufaa pale vyumba vya chini vinapotetema ovyo: huzima fujo yote kwa mkupuo ili chanzo cha kawaida kishike tena usukani. Mstari mnyoofu hauna fujo ya kuzimwa. Unahitaji kusukumwa kifua na dawa. Claude Beck, wa Cleveland, aliufanikisha mshtuo huo kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1947, kwa mvulana wa miaka 14. Mwaka 1965 Frank Pantridge wa Belfast alipakia mashine ya kilo 70 kwenye gari la wagonjwa, akiiendesha kwa betri za gari.

Uwanja wa mpira umetufundisha thamani yake. Tarehe 26 Juni 2003 Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka mjini Lyon akafariki, akiwa na miaka 28; misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London. Daktari wa moyo aliyekuwa mtazamaji alishuka kusaidia, na Muamba akasukumwa kifua na kushtuliwa tena na tena. Moyo wake ulirudi kupiga vizuri baada ya dakika 78, naye yu hai. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen, akashtuliwa palepale, akawekewa kifaa kifuani, na mwaka uliofuata akarudi kucheza.

Kwa hiyo mtu akianguka, haitiki na hapumui kawaida, ita msaada, weka mikono katikati ya kifua chake na usukume kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Je, wajua kwamba mchoro wa mwanariadha mweusi huweza kudhaniwa ugonjwa?

Mazoezi ya muda mrefu hupunguza mapigo, na mkimbiaji mwenye mapigo 40 kwa dakika akiwa amepumzika anaweza kuwa mzima kabisa. Zaidi ya hapo, wanariadha wenye asili ya Kiafrika mara nyingi huwa na mstari ulioinuka ukifuatiwa na wimbi la T lililogeuka chini, upande wa mbele wa moyo. Vigezo vilivyotokana na wanariadha weupe viliweza kuliita jambo hilo ugonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unalitambua kuwa la kawaida kwa wanariadha weusi wasio na dalili.

Je, wajua kwamba kupuliza bomba la sindano huweza kutuliza moyo?

Mwaka 1930 Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White walieleza vijana 11 waliokuwa wazima ila moyo wao ulienda mbio ghafla na kuacha ghafla. Walikuwa wamezaliwa na nyuzi za ziada, njia ya panya ambayo umeme hupitia bila kusimama kituoni. Mwaka 1968, Marekani, mvuvi mmoja alikuwa wa kwanza kukatwa njia hiyo kwa upasuaji. Siku hizi huunguzwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na wengi hupona moja kwa moja.

Kwa aina kadhaa za moyo kwenda mbio ghafla, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ulijaribu njia isiyo na gharama. Mgonjwa hupuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kisha hulazwa chali na kuinuliwa miguu. Wagonjwa 43 kati ya kila 100 walitulia, dhidi ya 17 waliopuliza bila kulazwa wala kuinuliwa miguu. Ifanywe penye mhudumu wa afya na ECG, kwa kuwa si kila moyo unaokimbia ni wa aina hiyo.

Je, wajua kwamba ECG nzuri haimaanishi moyo hauna hitilafu?

Mchoro wa kawaida huchukua sekunde kama kumi. Hitilafu inayokuja mara moja kwa wiki huweza kuukwepa. Kwa ajili hiyo Norman Holter wa Montana, Marekani, alitengeneza kinasa mapigo cha kubebwa. Cha mwanzo kilikuwa na kilo 38 mgongoni. Vya leo hutosha mfukoni na hurekodi kwa saa 24 au zaidi. Ukiambiwa ECG yako ni nzuri lakini bado unazimia, uliza kuhusu kipimo hicho.

Nani asikae bila kupimwa?

Aliyezimia akiwa mazoezini, akiogelea au aliposhtuka. Aliyezimia bila dalili yoyote kabla. Anayehisi moyo kwenda mbio ghafla na kuacha ghafla. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio au yaliyo machache akiwa na kizunguzungu. Mwenye ugonjwa wa figo au wa vali za moyo. Anayetibiwa kifafa bila nafuu. Na kila mtu ambaye nduguye wa damu alikufa ghafla akiwa kijana.

Kwa Tanzania, hospitali kubwa zina ECG, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam huweka betri za moyo. Bei ya betri bado ni mlima kwa familia nyingi za eneo letu, nalo ni jambo la kuzungumzwa wazi na wenye bima za afya na serikali zetu, kwa sababu anayehitaji kifaa hiki hawezi kungoja.

Ukipimwa, omba nakala ya mchoro wako uitunze pamoja na vyeti vyako. Umbo lisilo la kawaida linaweza kuwa ulizaliwa nalo, au linaweza kuwa limeanza wiki iliyopita, na mara nyingi kinachomwezesha daktari kutofautisha ni kuwa na mchoro wa zamani mkononi.